MOTERI MOJA AO MOTERI MBILI?
Somo la fizika juu ya maboti ya mbio



Kila wakati boti ya mbio inapopita mbele ya bandari, mabishano yanaanza. Mumoja anasema: "Ile iko na moteri mbili nyuma, ndiyo sababu inakimbia vile." Mwengine anajibu: "Hapana, moteri moja kubwa inashinda mbili ndogo." Kisha kila mutu anasimama na neno lake, na hakuna anayechukua kalamu. Katika somo hili tutachukua kalamu. Mutaona kama hesabu za darasa la fizika zinatosha kwa kukata maneno haya, na kama mwishoni ulizo linageuka: si ulizo la mwendo tu, ni ulizo la watu walio ndani ya boti.

1. Boti ya mbio ni nini?

Mutumbwi ao meli nzito inasukuma maji mbele yake. Hata ukiongeza nguvu, mawimbi yake yenyewe yanaizuia. Boti ya mbio ni namna ingine. Ikipata nguvu ya kutosha, pua yake inainuka, kisha boti yote inapanda juu ya maji na kuteleza, sawa jiwe bapa ambalo mutoto anarusha kando ya ziwa na linaruka-ruka. Tangu hapo ni sehemu ndogo tu ya tumbo la boti inayogusa maji, na mwendo unaongezeka sana.

Kwa boti ya namna hii vitu viwili vinatawala: nguvu ya moteri, na uzito wa vyote vinavyobebwa, ni kusema mbao ao plastiki ya boti, watu, esansi, mizigo, na moteri yenyewe. Musisahau hii ya mwisho. Moteri inasukuma boti, lakini pia inabebwa na boti.

2. Nguvu mara mbili haileti mwendo mara mbili

George Crouch, Mwamerika aliyechora maboti ya mbio katika miaka ya 1920, aliacha formula moja ambayo mafundi wa boti wangali wanatumia. Inasema hivi: kwa boti inayoteleza juu ya maji, mwendo ni sawa na namba C mara kipeuo cha pili (ile munaita darasani rasini kare) cha nguvu ikigawanywa na uzito.

mwendo = C × √(nguvu ÷ uzito)

Namba C inatokana na umbo la boti. Boti yenye tumbo zuri iko na C kubwa, boti mbaya iko na C ndogo. Tuchukue nguvu kwa farasi, uzito kwa kilo, mwendo kwa kilometa kwa saa. Kwa boti yetu ya mufano tuseme C = 194. Boti hiyo, pamoja na watu na esansi lakini bila moteri, iko na kilo 1500. Sasa tufunge moteri za nje kwa namna tatu:

A. Moteri moja ya farasi 300, yenye kilo 260. Uzito wote: 1760.
B. Moteri mbili za farasi 150, kila moja kilo 220. Uzito wote: 1940.
C. Moteri mbili za farasi 300. Uzito wote: 2020.

Pigeni hesabu pole pole. Mutapata:

A: karibu kilometa 80 kwa saa
B: karibu kilometa 76 kwa saa
C: karibu kilometa 106 kwa saa

Muangalie kwanza A na B. Nguvu ni ile ile, farasi 300. Lakini B imebeba kilo 180 zaidi, sawa watu wazima wawili ao watatu ambao hawashuki hata siku moja. Kwa hiyo inapoteza kilometa 4.

Sasa muangalie A na C. Tumenunua moteri ya pili, nguvu imekuwa mara mbili. Je, mwendo umekuwa 160? Hapana. Umefika 106 tu. Yule anayesema "nikiongeza ya pili nitakimbia mara mbili" amesahau rasini kare.

Na esansi? Moteri ya namna hii ikifunguliwa kabisa inakunywa karibu litri moja kwa kila farasi tatu katika saa moja. Boti A itakunywa litri 100 kwa saa, boti C litri 200. Tuseme safari ni kilometa 50. Boti A itafika kwa dakika 37 na nusu, kwa litri 62 hivi. Boti C itafika kwa dakika 28, kwa litri 94. Umelipa litri 32 kwa kupata dakika 9. Kama ni mashindano, dakika 9 ni kitu kikubwa sana. Kama ni kubeba watu wa soko, kila mutu ahesabu mwenyewe.

3. Muguu ndani ya maji

Kuna kitu ambacho formula ya Crouch haionyeshi wazi. Kila moteri ya nje iko na muguu unaoingia ndani ya maji, na mwisho wa muguu kuna elisi, ile panga yenye kuzunguka na kusukuma. Boti imepanda juu ya maji kusudi isisuguane nayo, lakini muguu haupandi, unabaki chini. Kizuizi chake kinakua kwa mraba wa mwendo: ukienda mara mbili, maji yanaushika mara ine. Kwa boti ya polepole muguu wa pili ni kitu kidogo. Kwa boti ya mbio ni sawa kufunga breki kidogo siku zote. Kwa hiyo boti B ya mufano wetu, kwa kweli, itapata chini ya 76.

Tena, tumbo la maboti mengi ya mbio liko na umbo la V. Moteri moja inafungwa katikati, pale V inashuka chini zaidi, na elisi inapata maji mazito. Moteri mbili zinafungwa kando kando, pale tumbo limeinuka. Boti ikilala kwa kona ao ikiruka wimbi, elisi ya upande wa juu inaweza kuvuta hewa. Mutasikia moteri inalia kwa ghafula, lakini haisukumi kitu.

4. Yaliyoonekana kwa kweli, miaka 1932 mupaka 1939

Mutu asiseme haya ni maneno ya ubao tu. Tuone mashindano yaliyopita kati ya Wamerika na Waingereza.

Mwamerika Gar Wood alikuwa mutu wa moteri nyingi. Boti yake Miss America X ilikuwa na urefu wa karibu meta 11 na nusu, na ndani yake moteri ine za Packard, jumla zaidi ya farasi 6000. Tarehe 20 Septemba 1932, katika muto St. Clair huko Michigan, ilipata kilometa 200.9 kwa saa. Hakuna boti iliyokuwa imekimbia vile mbele yake.

Mwaka 1933 Mwingereza Hubert Scott-Paine alivuka bahari kwenda kushindana naye. Boti yake Miss Britain III ilikuwa fupi, karibu meta 7 na nusu, na moteri moja tu, Napier Lion, ya farasi karibu 1375. Hii ni karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ya Gar Wood. Gar Wood alishinda, tuseme ukweli. Lakini boti ndogo ilimufuata karibu, na mwaka 1934, huko Venice katika Italia, Miss Britain III ilipata kilometa 177 kwa saa juu ya maji ya chumvi.

Muweke hizi namba mbili pamoja: farasi zaidi ya 6000 kwa kilometa 201, na farasi 1375 kwa kilometa 177. Zile farasi zingine zote, zaidi ya elfu ine, zilileta kilometa 24 tu.

Kisha akaja Malcolm Campbell, Mwingereza pia. Boti yake Blue Bird K3 ilikuwa na moteri moja ya ndege, Rolls-Royce R, yenye farasi zaidi ya 2000. Septemba 1937, kwenye ziwa Maggiore, ilipita Miss America X: kilometa 203 kwa saa. Moteri moja ilikuwa imeshinda ine. Mwaka 1938 ilifika 210. Kisha Campbell akajenga boti ingine, K4, yenye moteri ya aina ile ile, lakini tumbo la umbo jipya lenye kugusa maji kwa pahali patatu tu. Tarehe 19 Agosti 1939, kwenye ziwa Coniston, ilikimbia kilometa 228. Hakuongeza moteri ya pili. Alibadilisha tumbo, ni kusema aliongeza namba C.

Basi fundisho la kwanza ni hili: mwenye kutafuta mwendo aanze na uzito na umbo la boti. Kuongeza moteri ni kitu cha mwisho, wakati moteri kubwa zaidi haipatikani. Ndiyo shida ya Gar Wood: alitaka nguvu ambayo moteri moja ya Packard haikuweza kutoa. Na hesabu inabadilika pamoja na miaka. Mwaka 2021 kiwanda cha Mercury kilitoa moteri moja ya nje ya farasi 600, yenye kilo karibu 570. Lakini moteri mbili za farasi 300 za siku hizi ziko na kilo 480 mupaka 540 pamoja. Hapa moja si nyepesi kuliko mbili! Musikariri jibu. Muangalie namba zilizoandikwa juu ya moteri, na mupige hesabu.

5. Mbona basi watu wengi wanafunga mbili?

Si wajinga wote. Moteri mbili ziko na faida tatu za kweli.

Ya kwanza ni kugeuza boti. Ukisukuma ya kuume mbele na ya kushoto nyuma, boti inazunguka pahali pake. Kwa bandari yenye mitumbwi mingi na upepo, hii inasaidia sana.

Ya pili ni kusimama sawa. Elisi moja ikizunguka upande wa kuume, boti inasukumwa kulala upande wa kushoto, na usukani unavuta mikono. Kama munafunga mbili, muchukue moja yenye kuzunguka kuume na moja yenye kuzunguka kushoto. Nguvu hizo mbili za kugeuza zinauana, na boti inakwenda wima. Mutu akifunga mbili zenye kuzunguka upande mumoja, amenunua ugonjwa mara mbili.

Ya tatu ndiyo kubwa: moja ikikufa, ingine inakurudisha nyumbani.

Ziwa letu Tanganyika lenyewe lilipata kuona maboti ya moteri mbili zamani sana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Wadachi zilitawala ziwa. Mwaka 1915 Waingereza walileta maboti mawili madogo yaliyojengwa na kiwanda cha Thornycroft, Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta 12, na moteri mbili za esansi za farasi 100 kila moja, elisi mbili. Katika majaribio huko Uingereza yalifika mwendo wa noti 19. Yalipakiwa kwenye meli mupaka Cape Town, kisha kwa treni mupaka Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na Fungurume. Toka pale yalivutwa na matrakta ya moshi na ngombe juu ya milima ya Mitumba, yakafika Bukama, yakashuka Lualaba mupaka Kabalo, kisha kwa treni tena mupaka Lukuga, pale Kalemie. Mukubwa wa safari hiyo alikuwa Geoffrey Spicer-Simson.

Tarehe 26 Desemba 1915 maboti hayo yalikimbilia meli Kingani. Munduki mukubwa wa Kingani ulipiga mbele tu. Kwa sababu maboti yalikuwa na mbio na yaligeuka upesi, yalikuja toka nyuma, na katika dakika chache Kingani ilikamatwa. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi ilifuata meli ingine, Hedwig von Wissmann, ikaisumbua mupaka ile Kingani, ambayo sasa iliitwa Fifi, ikafika na kuizamisha. Pale hakuna aliyeuliza bei ya esansi. Walihitaji mbio, na kugeuka, na kurudi hata kama kitu kimoja kimevunjika. Kazi ya boti ndiyo inayochagua moteri.

6. Hesabu ya moteri kufa

Sasa tushike hiyo faida ya tatu, juu watu wengi wanaisema bila kuipima.

Tuseme moteri yako inasimama safari moja kwa 50. Ukiwa na moja, safari moja kwa 50 utabaki katikati ya maji.

Ukiwa na mbili, zote mbili kusimama katika safari ile ile ni 1/50 × 1/50, ni kusema safari moja kwa 2500. Hii ni mara 50 bora. Ndiyo hesabu ambayo muuzaji wa moteri anakuonyesha.

Lakini kuna hesabu ingine ambayo haonyeshi. Safari ambayo moteri moja angalau itakusumbua sasa ni 99/2500, karibu safari moja kwa 25. Kwa hiyo mwenye moteri mbili ataona matatizo mara mbili zaidi, atanunua buji mara mbili, mafuta mara mbili, piesi mara mbili. Kama feza zake zinatosha kutunza moja tu, zote mbili zitatunzwa nusu, na ile namba 50 itashuka kuwa 20 ao 10.

Na kuna shimo lingine, ndilo baya kupita yote. Kuzidisha 1/50 kwa 1/50 kunaruhusiwa tu kama mambo mawili hayana uhusiano. Munajua hii toka somo la probabilite: ukitupa vibao viwili vya mchezo, kimoja hakijui kingine. Je, moteri zako mbili hazijuani? Uliza hivi:

– Zinakunywa toka tanki moja? Maji yakiingia katika esansi, zote mbili zitasimama, moja nyuma ya ingine, katika dakika ile ile.
– Ziko na filtri moja? Uchafu ule ule utafunga zote.
– Ziko na bateri moja? Bateri ikikufa, hakuna hata moja itakayowaka.
– Zilijazwa toka bido lile lile, lililonunuliwa kando ya njia? Hata kama tanki ni mbili, esansi ni moja.

Moteri mbili zenye kunywa tanki moja, kwa hesabu ya usalama, ni moteri moja. Umebeba uzito wa mbili, umelipa bei ya mbili, na umebaki na bahati ya moja. Hata matajiri walijua shida ya kuunganisha vitu. Boti Miss England II ya Henry Segrave ilikuwa na moteri mbili za Rolls-Royce, lakini zote mbili zilizungusha elisi moja. Tarehe 13 Juni 1930, kwenye ziwa Windermere, iliweka mwendo mpya wa kilometa 158.9 kwa saa, kisha ikapinduka siku ile ile. Segrave alikufa, na fundi Halliwell naye. Inasemekana iligonga kipande cha muti kilichoelea. Kwa mwendo kama ule moteri ya pili haikuokoi. Macho ya mwenye kuendesha ndiyo yanaokoa.

7. Moja ikikufa, ingine itafanya nini?

Ulizo hili linasahauliwa. Tuseme boti B iko katikati ya ziwa, na moteri moja imekufa. Farasi 150 zimebaki. Mutu atasema: "Basi nitakwenda nusu ya mwendo." Si kweli. Boti nyingi haziwezi kupanda juu ya maji kwa nusu ya nguvu, zaidi sana zikiwa zimepakiwa. Zinarudi kuwa mutumbwi wenye kusukuma maji, labda kilometa 10 ao 12 kwa saa. Tena elisi ya moteri nzima ilichaguliwa kwa mwendo mukubwa. Sasa ni sawa gari yenye kupanda mulima kwa vitesi ya ine: moteri inachoka, haifiki mazunguko yake. Na muguu wa ile iliyokufa unaburuta ndani ya maji, mupaka uuinue.

Ziwa Tanganyika liko na upana wa karibu kilometa 50. Ukiwa katikati, uko na kilometa 25 za kurudi. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 19. Kwa mwendo wa 12 ni zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinatosha upepo kugeuka. Lakini saa mbili ukielekea ufuko ni bora kuliko usiku muzima ukielea bila kujua unakwenda wapi. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya moteri ya pili: haikupi mwendo, inakupa njia ya kurudi.

Kwa hiyo, mbele ya kununua, ao mbele ya kupanda na jamaa yako, fanya jaribio moja karibu na ufuko, boti ikiwa na mizigo yote: zima moteri moja, uinue muguu wake, uone ingine inafanya nini. Jaribio la dakika kumi linafaa kuliko maneno ya muuzaji ya siku nzima.

8. Namna ya kuchagua

Tufunge sasa maneno yote kwa ufupi.

(a) Kama ni mashindano karibu na ufuko, na kuna boti ya kuokoa: chagua moteri moja, kubwa kadiri tumbo la boti linavyokubali. Ni nyepesi, iko na muguu mumoja, na fundi anashughulika na kitu kimoja.

(b) Kama unahitaji nguvu kupita ile ambayo moteri moja inaweza kutoa: funga mbili, zenye kuzunguka kinyume, na ujue kwamba unanunua kilometa za mwisho kwa bei kubwa.

(c) Kama unavuka maji mapana na watu: funga mbili, lakini mbili za kweli. Tanki mbili, filtri mbili, bateri mbili. Esansi ichujwe mbele ya kuingia.

(d) Kama feza hazitoshi kwa (c), usinunue mbili za uzee kwa kujivuna bandarini. Nunua moja nzuri, uitunze, na ufunge kando yake moteri ndogo ya farasi 15 yenye kilo 40 hivi, na kitanki chake chenyewe. Haitakimbia, lakini itakurudisha.

(e) Kwa kila namna: jaketi ya kuelea kwa kila mutu, hata mutoto, na makasia ndani ya boti. Namba ya moteri haibadilishi hii.

Jamaa inayoweka feza pamoja kwa kununua moteri ya pili inaweka vitu vingi: shamba, ngombe, masomo ya watoto. Kama kuna mumoja kati yenu anayejua rasini kare na probabilite, asikae kimya wakati wazee wanashauriana. Aombe ruhusa kwa heshima, akaonyeshe hesabu. Ni kwa kazi kama hiyo tunajifunza.

Mazoezi

1. Boti pamoja na watu na esansi, bila moteri, iko na kilo 900. C = 194. Tafuta mwendo (a) na moteri moja ya farasi 115 yenye kilo 165, (b) na moteri mbili za farasi 60, kila moja kilo 115. Unafikiri nini juu ya tofauti?

2. Moteri inasimama safari moja kwa 20. Kwa boti yenye mbili zisizo na uhusiano: (a) zote mbili zitasimama mara ngapi? (b) Moja angalau itasimama mara ngapi?

3. Noti moja ni kilometa 1.852 kwa saa. Noti 19 za Mimi na Toutou ni kilometa ngapi kwa saa?

4. Uende bandarini na mwenzako. Muombe ruhusa kwa mwenye boti yenye moteri mbili, na muandike kila kitu ambacho moteri zote mbili zinatumia pamoja. Muchore mushale mwekundu pale kitu kimoja kinaweza kusimamisha zote.

Majibu: 1. (a) karibu 64; (b) karibu 63. Tofauti ya mwendo ni ndogo sana, basi chagua kwa sababu ya usalama, bei na matunzo. 2. (a) 1/400, (b) 39/400, karibu safari moja kwa 10. 3. Karibu 35. 4. Muchoro wenu uletwe darasani.